Watu wa Toleo la Pili

Mwanangu alipokaribia kutimiza miaka saba, wazee wa kwetu na wazee wa kwa baba yake walikaa wakakubaliana kwamba mtoto keshapata akili ya kupambanua, basi aulizwe mwenyewe anataka kukaa kwa mama au kwa baba. Mimi na baba yake tulikuwa tushaachana, mwaka na kitu. Nilipewa miezi miwili ya kuingojea siku hiyo. Lakini siwezi kulieleza jambo hili bila ya kuanza na gemu, na nnajua wako watakaocheka. Chekeni tu.

Gemu yenyewe ni ile ya kuendesha maisha ya watu. Unaumba mtu, unampa sura na tabia, unamjengea nyumba, unamtafutia kazi, unamuozesha, halafu unakaa unamtazama akiishi. Hakuna kushinda wala kushindwa. Toleo la kwanza nililicheza nikiwa skuli, kwenye duka la intaneti la mjomba wangu, Mkunazini, saa za mchana wateja wakishakwenda kula. Lilikuwa baya, tusidanganyane. Watu wake walikuwa na nyuso kama mbatata, na usipowaangalia wanajikojolea katikati ya ukumbi. Nililipenda hivyo hivyo.

Toleo la pili ndilo lililoniteka. Humo watu walizeeka na kufa, na zaidi ya yote walikuwa na kumbukumbu. Kila mtu alikuwa na orodha yake: siku aliyoolewa, siku aliyofiwa na mama, siku aliyomfuma mumewe kamkumbatia jirani. Baya likishaingia kwenye orodha ile halitoki tena. Mwanamke keshakuwa kikongwe, mgongo umepinda, lakini akipishana na yule jirani njiani husimama akanuna. Mjomba alikuwa akichungulia na kusema, "Gemu gani hii ya watu wa vinyongo!" Mimi nikisema moyoni, hawa ndio watu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Toleo la tatu sina la kulisemea. Walitengeneza mji mzima, mkubwa, mzito, kompyuta ya mjomba ikanguruma kama kinu cha kusaga kisha ikanyamaza kabisa. Ilipotengenezwa nikarudi kwenye la pili, na nilipoolewa nikaenda nalo kwa mume. Mume wangu alikaa na mimi siku za Jumapili, tukaumba mtu wake na mtu wangu. Alishikilia mtu wake awe na masharubu, yeye mwenyewe hana hata unywele mmoja juu ya mdomo. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Nasema haya mjue kwamba hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumua.

Toleo la nne alikuja nalo yeye, siku ya Jumanne, ndani ya laptopu mpya. Nikamrukia shingoni. Siku ya pili mama yangu akaja kututazama kutoka Mwanakwerekwe, akavua buibui, akaiona laptopu juu ya meza.

"Kakupa nani?"

"Baba mtoto."

"Sikukuu?"

"Si sikukuu, mama."

"Umejifungua?"

"Mama!"

"Basi kaoa," akasema, akakaa kitako kumenya embe aliyokuja nayo.

Kwetu hapa mwanamume akitaka kuongeza mke humletea mke mkubwa kitu cha kumpoza moyo. Bangili, friji, kitanda. Mimi kazi yangu ni kuwapaka maharusi hina na piko, naingia ndani ya nyumba za watu, mila hiyo naijua kuliko anavyoijua mama. Bangili ningeitambua mlangoni. Lakini nani angeitambua ikija kwa sura ya gemu? Niliona mume wangu ndiye mtu pekee duniani aliyejua nnapenda nini. Nikamgombeza mama, nikamnunia wiki nzima.

Na wiki ile nilikuwa na furaha, sitasema uongo. Toleo la nne lilikuwa zuri, loh! Kwa mara ya kwanza niliweza kumpa mtu rangi yetu, si ile ya udongo mkavu ya matoleo ya nyuma. Mlikuwa na kanzu na kofia, mtandio, nywele za kusuka. Nikamuumba mama yangu, na alipotokea pale akiwa ni mama yangu kweli, na mashavu yake, machozi yakanitoka. Miaka yote ile niliyokuwa nikicheza na watu wasiofanana na mtu yeyote wa kwetu, kumbe nilikuwa nimeumia wala sikujua.

Lakini watu wale walikuwa hawakumbuki. Hilo nililiona baada ya siku chache. Mtu akifiwa, huzuni yake inaandikwa pembeni pamoja na saa zilizobaki mpaka iishe. Ukimtukana asubuhi, mchana anacheza ngoma na wewe. Na kwenye mipangilio niliikuta swichi ya wivu. Swichi, jamani! Unaizima, na mji mzima haumwonei mtu wivu tena. Nikaguna, nikaiacha kama ilivyo.

Wiki ya tatu shoga yangu wa kazi, mpakaji hina mwenzangu, akanipigia simu kwa sauti ya chini.

"Shoga, nimeitwa Kidichi kupaka bi harusi. Hili jina la bwana harusi si la mumeo?"

Nikamuuliza, "Ushampaka?"

"Mkono mmoja."

"Basi malizia na wa pili, usiharibu kazi."

Nikakata simu. Nikakaa chini sakafuni jikoni, na sikumbuki nani aliuzima moto.

Nilijaribu. Watu husema sikujaribu, lakini miezi mitano nilijaribu. Kila aliyekuja aliniambia subira, hukuanza wewe, dini imeruhusu. Siku moja nikatuumba sote watatu kwenye toleo la nne, mimi, yeye na bi mdogo, nikatuweka nyumba moja, nikazima ile swichi. Tukapika pilau. Bi mdogo akasema neno, mimi nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Nikamtazama yule mwanamke mwenye uso wangu anavyocheka. Nikaifunga laptopu, nikaenda kudai talaka yangu. Mume wangu alinipa kwa upole, akilia, na upole wake ule ndio sijamsamehe.

Basi mtoto akawa anakwenda Kidichi kwa baba yake kila Ijumaa na kurudi Jumapili. Akirudi hata viatu hajavua mimi nshamuuliza: mmekula nini, mama mdogo kasema nini, baba kacheka? Halafu namkumbusha. Namwambia, kumbuka baba yako alituacha wewe una homa. Kumbuka alituficha. Usije ukasahau, mwanangu. Alikuwa akiitikia "Naam, mama," huku kaishika begi yake. Niliona namlea awe na akili, asije akadanganywa na zawadi kama nilivyodanganywa mimi.

Kwenye miezi miwili ile ya kungoja nilikwenda mbali zaidi. Nikaifufua kompyuta ya zamani tuliyokuwa tukichezea mimi na baba yake, nikamfundisha toleo la pili, ajue watu walivyo. Akacheza siku mbili, akaniambia, "Mama, hawa wananuna sana," akarudi kwenye laptopu. Sikumkataza. Ingekuwaje nimkataze? Toleo la nne lilikuwa na msichana mwenye mtandio na meno mawili ya mbele hayapo, sawa na yeye.

Siku moja alasiri nilikaa nyuma yake nikaiona nyumba aliyoijenga. Mlikuwa na baba yake, mama mdogo, yeye mwenyewe na mbuzi. Mimi nilikuwa nyumba ya ng'ambo ya njia. Nyumba nzuri, kaipaka rangi ya samawati niipendayo, kaniwekea mpaka cherehani. Nilikuwa peke yangu.

"Mbona mimi niko kule?"

"Ukikaa huku wote hali zinawaharibikia," akasema, bila ya ubaya wowote, kama fundi anayeeleza bomba. Kwenye toleo lile hali ya mtu mmoja huambukiza nyumba nzima. "Nimeuzima wivu, mama, lakini bado unakasirika. Sijui kwa nini."

"Basi uwashe!" nikamfokea. "Uwashe, nipate sababu!"

Akaruka kwa kutishika. Akalia kimya kimya, kilio cha mtu mzima, na mimi nikamkumbatia nikimwomba radhi, na moyoni nilikuwa bado nnamkasirikia baba yake kwa kunifanya nimfokee. Ole wangu. Mpaka leo sijui toleo gani lilikuwa na haki. La pili lilinifunza kwamba aliyeumizwa ana haki ya kukumbuka. Halikunifunza pa kuliweka hilo unapokuwa na mtoto.

Siku ilipofika tulikusanyika kwa bibi yake mzaa baba. Mtoto alivaa gauni lake la Idi, akawapa shikamoo wazee mmoja mmoja, nao wakamwitikia marahaba. Nilikuwa nimempaka hina viganjani asubuhi yake. Mjomba wangu ndiye aliyepewa kazi ya kuuliza. Akamuuliza vizuri, akamwambia hakuna atakayemkasirikia.

Mwanangu akanitazama mimi. Akanitazama sana.

"Kwa baba," akasema.

Ingeishia pale. Lakini bibi yake, kwa wema tu, akamwuliza, "Kwa nini, mjukuu wangu? Mama kakukosea?"

"Hapana. Mama mzuri," akasema. "Ila kwa mama nachoka. Kila siku inabidi nikumbuke."

Wazee wakaangalia mkeka. Baba yake akajifunika uso kwa kofia yake. Mimi nikasema, "Haya, mtoto kasema," kwa sababu nilimwona anatafuta usoni kwa watu kama kafanya kosa.

Tukarudi nyumbani kufunga vitu vyake, baba yake akangoja chini njiani. Nikakunja nguo, nikatia daftari zake za chuo cha Kurani, dawa yake ya pumu, mto wake. Laptopu nikaitia vilevile, na chaja yake. Akawa kasimama mlangoni ananitazama.

"Mama, umekasirika?"

"Hata, mwanangu. Sikukasirika."

Akaja karibu akanikagua uso, macho, mdomo, kila mahali. Nikamtazama, nikatabasamu. Akaniamini. Akashuka ngazi mbio.