Funza wa Nyumba ya Chui

Shule yetu ya misheni, juu kidogo ya Nyeri, ilitugawa katika nyumba nne, na kila nyumba ilikuwa mchanganyiko wa ajabu: watoto wenye meno ya utoto na wanaume wenye ndevu, wote wakinywa uji mmoja. Mkubwa wa nyumba yetu, Nyumba ya Chui, alikuwa na ndevu kama brashi ya viatu, na alisoma darasa la nne pamoja nami. Hesabu zilimshinda vibaya.

Kila Jumamosi, kabla ya mwalimu kukagua miguu, mkubwa wetu alituketisha migombani nyuma ya bweni, akatutoa funza kwa pini. Nyumba yenye miguu safi ilikula nyama Jumapili, kwa hiyo hakuwa na huruma. Alichimba vidole vyetu kama anayetafuta viazi. Haki ya Mungu, nilimchukia!

Jumamosi moja, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, askari wawili wa doria wakatokea migombani. Wakaona nini? Mwanaume mwenye ndevu, watoto wamemzunguka kimya, pini, damu.

"Simama! Nyinyi nakula kiapo hapa!"

Jamani! Kwa kulisha watu kiapo cha wapiganaji wa msituni, mtu alikuwa akinyongwa. Mkubwa wetu akainua mikono, pini ingali mkononi.

"Nyinyi watoto, munajua huyu mtu?"

Siku hizo ukiulizwa hivyo, ulitazama chini ukanyamaza. Nyumbani ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mdogo wetu kuliko wote alikuwa amekasirika kwamba foleni imesimama. Akamwinulia askari mguu.

"Ni wetu! Na sasa ni zamu yangu!"

Basi sote tukainua miguu tukipiga kelele, "Ni wetu! Ni wetu!" huku tukianguka chali mmoja baada ya mwingine.

Askari akainama, akatazama vidole. "Lo! Kumbe ni funza." Akamtazama mwenzake, akaketi kwenye gogo, akavua buti. "Mimi pia iko na moja. Imenisumbua tangu doria ya Mwea."

Mkubwa wetu akamtoa funza yule taratibu, askari hata hakukunja uso. Nilikasirika mno! Kumbe alijua kutoa bila kuumiza?

Askari walipoondoka, mkubwa wetu alitaka kuendelea na kazi, lakini pini ikamponyoka, ikaanguka. Akalia mbele yetu mpaka ndevu zikalowa. Mdogo wetu akaiokota pini, akachuchumaa mbele yake.

"Haya," akamwambia, "leta mguu wako."