Kiungo cha Spoku

Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita Spoku, kwa kazi yake na kwa wembamba wake. Nami nikawa Mama Spoku, ingawa sikumzaa.

Banda la uani alilijenga mwenyewe, na umeme akauvuta mwenyewe kutoka nyumba kubwa. Swichi aliifunga kichwa chini, ukitaka taa unasukuma juu. Nilipomcheka alisema, “Mama, nuru hutoka juu.” Miaka kumi na tisa mkono wangu umesukuma juu.

Tangu atangulie, nashonea humo. Sitaki kwingine, kiganja chake cha grisi bado kiko ukutani. Lakini mwaka huu, kila nikichomeka pasi taa inafifia, na cherehani inajikokota kama mgonjwa.

Nikamwita shemeji, fundi umeme, rafiki yake wa ujanani. Akachomeka kipimo cha umeme bandani.

“Volti mia mbili thelathini. Safi. Haya, washa pasi.”

Nikawasha. Namba zikaporomoka hadi mia na arobaini.

“Shemeji, taa yako inasinzia kama muumini mahubiri yakirefuka!”

Tukaenda na pasi ileile nyumba kubwa. Huko namba hazikutikisika.

“Basi ubaya uko njiani,” akasema. Akazima umeme wote, akapanda ngazi, akaufuata waya mpaka chini ya bati la banda. Akashuka na kitu cheusi mkononi. Kilikuwa kiungo: nyaya zimesokotwa tu kwa vidole, zikavishwa mpira wa ndani wa baiskeli na kubandikwa kwa gundi ya pancha. Mpira ulikuwa umeungua.

“Ewe Spoku! Hata umeme umeuziba pancha!” Akacheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. “Shemeji, hiki kingekuchomea banda. Nang'oa vyote, waya na swichi. Nayo swichi imepasuka.”

Nikaigusa ile swichi. Nikasema, “Ng'oa. Ila swichi mpya niwekee kama yake.”

“Kichwa chini? Wateja watakucheka.”

“Hata mimi nilimcheka.”

Akaifunga kichwa chini.

Jioni niliingia bandani, giza linaanza. Mkono ukasukuma juu wenyewe. Nikawasha pasi, taa ikatulia tuli. Nikasimama chini yake, nikingoja mtu aseme lile neno la nuru. Mwishowe nikalisema mwenyewe, polepole, nikakaa kushona.