Nilimfukuza shemeji yangu kwa sababu ya harufu ya tumbaku kwenye stoo ya nyasi

Wakuu, heshima zenu wote.

Haya yamenikuta mwenyewe msimu uliopita, hapa hapa Ifakara. Mkinikamata nimetia chumvi sehemu yoyote, mods wanipige ban.

Nakaa Lipangalala, ila shamba langu lipo Katindiuka. Nina ng'ombe wa maziwa wachache. Kiangazi hapa majani yanaisha kabisa, kwa hiyo nimepanda nyasi za malisho, nazikata masika yakiisha, nazikausha na kuzifunga marobota.

Zamani tulikuwa tunageuza kwa mikono na reki. Kazi ya kuua mgongo.

Basi nikaikuta mashine moja ya zamani sana kwenye yadi ya vyuma chakavu Morogoro. Ni ya kuvutwa na trekta, inazungushwa na PTO, ule mhimili unaozunguka nyuma ya trekta. Inafanya kazi mbili: ukiacha mageti yake ya nyuma wazi inarusha nyasi na kuzitawanya zikauke, ukiyafunga inazikusanya kwenye mistari mirefu, tayari kwa kufunga.

Ilikuwa na kutu, na upande wa kushoto meno mengine yamekatika. Lakini ilizunguka. Nikaona nimeokota dhahabu.

Dereva alikuwa shemeji yangu Deo, mdogo wake mke wangu. Mtu mzima, alikuja kutoka Mlimba kutafuta maisha, akawa analala chumba cha shambani. Trekta tulikodi, yeye akaendesha, mimi natembea nyuma naangalia.

Nyasi zilikuwa zinaruka juu hadi raha. Majirani walisimama kutazama.

Siku ya kupanga mistari, mawingu yakaanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa. Tukaharakisha. Tukafunga marobota kwa kisanduku cha mbao, tunakanyaga kwa miguu mpaka yanakuwa magumu kama tofali. Tukayapanga stooni mpaka karibu na bati.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza.

Siku chache baadaye naingia stooni asubuhi, nasikia harufu ya tumbaku. Sio kali. Kama mtu alivuta halafu akaondoka.

Deo alikuwa mvutaji. Alipokuja kwetu alimwambia dada yake ameacha. Mimi sikuamini hata siku ile anasema.

Nikaanza kumchunguza.

Kesho yake nikapanda juu ya marobota. Katikati yamebonyea, kama godoro lililolaliwa. Nikaweka mkono. Pana joto wakuu! Joto la mahali mtu alipoamka sasa hivi.

Nikaangalia juu, bati linatoa jasho. Kwenye akili yangu nikasema huyu anachemsha na chai humu humu.

Nikaanza kujiuliza: ana chumba, kwa nini alale stoo? Nikajijibu mwenyewe: analeta mwanamke. Basi kila kitu nikakiona kwa jicho hilo. Akichelewa kula, najua. Akicheka na simu, najua. Hata yale meno ya mashine yaliyokatika nikawaza labda anayauza chuma chakavu, wakati nilinunua yakiwa hayapo! Ndivyo akili inavyokwenda ukishamshuku mtu.

Nikamwita mbele ya dada yake.

"Deo, unavuta sigara kwenye nyasi zangu?"

"Hapana shemeji."

"Na unalala mle na nani?"

Akamtazama dada yake, akanitazama mimi. "Shemeji, mle kuna panya na vumbi. Nilale mle nina kichaa?"

Mke wangu akasema, "Baba Neema, Deo akisema hapana ni hapana."

Nikamjibu kwamba yeye na Deo ni damu moja, wanalindana. Nilisema hivyo kweli. Deo hakubishana. Alikusanya nguo zake, akamuaga dada yake, akaenda Mchombe kufanya vibarua vya kuvuna mpunga.

Nikanunua kufuli jipya. Nikatulia.

Wakuu, harufu ikazidi.

Sasa haikuwa tumbaku peke yake, ilikuwa kama sukari inayoungua kwenye sufuria. Nikasema huyu bwana anarudi kunikomoa. Nikamwaga majivu mlangoni nione nyayo. Asubuhi majivu yako vile vile, hakuna hata alama ya paka. Kufuli limefungwa. Ndani, joto limeongezeka.

Hapo nikaanza kuwaza mambo mengine ambayo siyaandiki hapa. Nilianza kumwogopa mpaka jirani aliyesimama kutazama mashine.

Mchana mmoja nikaamua kufumua, nione kuna nini huko chini. Nikatoa marobota ya juu. Yaliyofuata yalikuwa ya kahawia. Ya chini yake meusi, ukishika yanavunjika kama majani ya chai. Halafu nikaona moshi, mwembamba kama uzi.

Nikatoa moja zaidi. Hewa ikaingia. Moto ukaruka usoni kwangu, nyusi zote zikaenda.

Nilipiga kelele. Nikakimbilia ng'ombe, banda limepakana na stoo, nikakata kamba kwa panga. Majirani wakaja na ndoo na magunia yaliyolowa, huyo jirani niliyemshuku akiwa wa kwanza. Ng'ombe wote walipona. Stoo ilibaki nguzo, na marobota machache tuliyowahi kuyavuta nje.

Afisa mifugo wa kata alikuja kesho yake. Akafungua robota moja lililopona. Upande mmoja kavu kabisa, upande mwingine ukungu mweupe na unyevu.

Akaniuliza, "Mlizigeuza vizuri hizi?"

Nikamwonyesha mashine. Akainama upande wa kushoto. Pale meno yalipokosekana, kila ilipopita iliacha mkanda wa nyasi umelala chini, mbichi. Kisha ikaukusanya pamoja na kavu kwenye mstari mmoja. Ukizishindilia nyasi zenye unyevu, zinachacha, zinajipasha joto zenyewe mpaka zinawaka. Harufu ile ya tumbaku ndiyo dalili yake. Kubonyea na jasho la bati pia.

Hapakuwa na mtu mle ndani. Hakuwahi kuwepo.

Mke wangu hakunisema. Alimpigia Deo, wakaongea Kindamba muda mrefu. Mimi nasikia kidogo tu, jina langu halikutajwa hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko matusi.

Nikaenda Mchombe. Nikamkuta anapepeta mpunga.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi. Nyasi ziliwaka zenyewe."

"Dada ameniambia." Akaendelea kupepeta. Halafu akaniuliza, "Ule moto ungewaka nikiwa bado nakaa kwako, ungesemaje?"

Wakuu, jibu nilikuwa nalo: ningempeleka polisi, na ningeapa kwamba nilimwona.

Alinikaribisha chakula, tukala pamoja. Radhi akaipokea. Kurudi akakataa, kwa upole kabisa.

Nilichojifunza: mashine ya zamani sio mbaya, ila hakikisha meno yote yapo kabla hujaingia shambani. Usifunge nyasi kwa kukimbizana na mawingu. Ukishaziweka stoo, ingiza mkono kila siku, na ukikuta joto usifumue peke yako bila maji ya kutosha. Na kabla hujamuuliza mtu alikuwa wapi, kagua kwanza kazi yako mwenyewe.

Uwanja ni wenu. Ila meno ya mashine nitayatafuta mwenyewe, msijisumbue nayo. Ninachoomba ni aliyewahi kumtuhumu ndugu wa mke wake kwa kosa ambalo hakulifanya, na leo wanakaa tena nyumba moja, aniambie alianzia wapi.