Kundi la Kumi

Sjoukje Haanstra, mpiga picha wa harusi, hajawahi kupanga harusi kuanzia asubuhi. Huanza na jua. Hutafuta saa litakapozama siku hiyo hapa mjini kwetu Franeker, akarudi nyuma saa moja na robo, akaandika: "Bwana na bibi harusi, ukingoni mwa mfereji, wawili tu." Kila kitu kingine, viapo, keki, hotuba za wajomba, hata kwenda msalani, hujibana kwenye nafasi iliyobaki. Mpishi akilalamika kwamba supu itapoa, hujibiwa kwamba supu hupashwa moto, jua halipashwi.

Mimi naitwa Gosse, ndiye mpiga video wake. Miaka kumi na mmoja sasa. Kama kuna mtu aliyegombana na Sjoukje kwa ajili ya dakika nne, ni mimi. Mimi nataka bibi harusi ashuke ngazi polepole, yeye anataka awe ameshafika chini na kusimama. Kilichotupatanisha ni ratiba yake: kurasa sita, dakika kwa dakika, nakala kwa kila anayehusika, na juu kabisa sheria yake kwa herufi nene: ASIYEANDIKWA HAPIGWI PICHA YA KUNDI.

Watu humwona mkali, na kweli ni mkali. Lakini sheria ile ina sababu. Kuchelewa si ugonjwa wetu; watu wa huku hufika dakika kumi kabla, wakasimama mbele ya kamera yangu na makoti yao ya mvua. Ugonjwa wetu huanza baada ya viapo, kila mmoja anapotaka picha yake: majirani wa zamani, wachezaji wenzake wa mpira, shangazi na mbwa wake. Kwa hiyo makundi ni kumi, kila kundi dakika tatu, jumla nusu saa, basi. Maharusi huleta orodha mapema. Wakileta makundi tisa, la kumi hufutwa, watu wakapewa muda zaidi wa kinywaji. Mstari mtupu kwenye ratiba humkera Sjoukje kama kokoto kiatuni.

Ndiyo maana nilishtuka nilipoisoma ratiba ya harusi ya Nynke.

Nynke ni binti wa mdogo wake, Wietske. Mtoto alipokuwa na miaka sita, Wietske aliugua, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali, na Nynke akaletwa kwa mama yake mkubwa. Alikaa miaka mitano. Alilala katika chumba kidogo nyuma ya studio, na alijua kushika ubao mweupe wa kurudisha mwanga kabla hajajua kugawanya kwa mbili. Kisha Wietske akapona, Mungu ashukuriwe, na mtoto akarudi kwao. Hapakuwa na ugomvi. Na hapo ndipo penye uchungu, maana hakuna wa kulaumiwa. Mama alipona, mtoto akamfuata mama yake, na Sjoukje akabaki na ubao mweupe na kitanda kifupi ambacho mpaka leo hajakitoa.

Hakuolewa. Jumamosi yuko kwenye harusi za watu. Jumapili anakula supu ya njegere ya tangu Ijumaa mbele ya kompyuta, akichagua nyuso za watu asiowajua: huyu amefumba macho, huyu mdomo wazi, huyu abaki. Nimempitia Jumapili nyingi kuchukua picha, na sijawahi kukuta kikombe cha pili mezani.

Majira ya kuchipua Nynke alimpigia simu. "Mama mkubwa, tunaoana Septemba, mimi na Jorrit. Utatupiga picha wewe, sivyo? Simtaki mtu mwingine."

Sjoukje akajibu kwamba ataangalia kalenda. Kalenda ilikuwa ukutani mbele yake, Septemba yote nyeupe. Nilikuwepo, niliiona.

Kisha kadi zikatoka. Kwetu kuna kadi mbili. Ya mchana ni ya wale watakaoshuhudia viapo na kula chakula. Ya jioni ni ya wale wanaokuja baadaye kucheza muziki na kula vitafunwa vya kukaanga. Mtu hujua cheo chake mioyoni mwa watu kwa kadi aliyopata, na wapo ndugu waliokatiana salamu miaka ishirini kwa kadi ya jioni. Mjane wa mwoka mikate anayekaa ghorofa ya chini ya Sjoukje, aliyemfundisha Nynke kuendesha baiskeli, alipata ya jioni, akaitundika dirishani. Sjoukje hakupata yoyote.

"Upelekewe kadi ya nini?" nikamwambia. "Si unakuja?"

"Nakuja, ndiyo," akasema. "Hata fundi bomba huja."

Basi ikaja orodha ya makundi, na ndipo nikakaa jikoni kwake na ile ratiba.

"Hapa umekosea," nikasema. "Kundi la kumi. Hujaandika kitu."

"Sijakosea."

"Mstari mtupu? Wewe, Sjoukje?"

"Nynke ameleta tisa."

"Basi futa la kumi, kama kawaida yako."

"Muda upo. Labda atalijaza."

Mimi si mjinga. Nilisoma yale makundi tisa: wazazi wa huyu, wazazi wa yule, bibi, ndugu, wapambe, marafiki wa chuo. Sjoukje hayumo popote. Alikuwa ukurasa wa tano tu, kwa kazi yake, alipojiandika mwenyewe: "Mpiga picha, mpiga video, mpiga muziki: chakula, meza ya korido."

"Hebu jiandike," nikamwambia. "'Nynke na mama mkubwa.' Mstari mmoja tu, kalamu hiyo hapo."

"Mtu hajialiki kwenye picha ya harusi ya mwenzake."

"Si wewe ndiye mwenye ratiba!"

"Ndiyo maana siwezi," akasema, akaniondolea kikombe kabla sijamaliza kahawa.

Alimpelekea Nynke ratiba mara tatu. Kila mara ilirudi na maneno yaleyale, "Safi kabisa, mama mkubwa!", na moyo umechorwa pembeni. Mstari wa kumi ulirudi vilevile, mweupe.

Siku ya harusi ilikuwa na upepo na jua la kujificha na kutokea. Kila harusi Sjoukje huvaa suruali nyeusi na viatu vya kukimbilia. Siku ile alikuja na gauni la buluu iliyokolea lenye vifungo vya kombe, na nywele zimetoka saluni asubuhi hiyo.

"Umependeza," nikamwambia.

"Funga mdomo, weka betri."

Viapo saa nane, ukumbi wa manispaa. Saa nane na nusu watu wakajipanga kupongeza. Na sisi huku hatupongezi maharusi peke yao. Tunapongeza kila mwenye damu yake pale. Mabusu matatu mashavuni, na maneno: hongera kwa binti yako, hongera kwa dada yako, hongera kwa mjukuu wako. Wietske alipongezwa mpaka poda ikamtoka. Mjomba mmoja aliyekuja na treni kutoka kusini, ambaye ilibidi Nynke aulize jina lake, naye alipata mabusu yake. Sjoukje alisimama upande wa pili wa mstari ule, akiwapiga picha wanaopongezwa. Nusu saa nzima watu mia moja na ishirini walipita mita mbili kutoka kwake, na hakuna aliyegeuka. Siwalaumu sana. Nani atambusu mtu mwenye kamera usoni? Lakini nilikasirika, nikawakasirikia wote, hata bibi kizee wa Jorrit ambaye haoni vizuri.

Saa tisa kamili tukahamia kwenye ngazi za nje. Hapo Sjoukje ni jemadari. "Baba, tumbo ndani! Wewe wa njano, toa miwani! Mnatazama huku, sio kule, kule kuna nini, kuna keki?" Watu wakacheka, na ndivyo alivyotaka. Kundi la kwanza, la pili, la tano. Kundi la tisa likaisha saa tisa na dakika ishirini na saba, bila kukosea hata sekunde.

Watu wakakimbilia keki. Kwenye ngazi wakabaki Nynke na Jorrit, shela ikipepea. Sjoukje alisimama chini, kamera kifuani, ratiba mkononi. Mimi kamera yangu ilikuwa inaendelea, maana huwa sizimi mpaka yeye azime. Nikaona Nynke anamnong'oneza mumewe. Nikaona Sjoukje anasoma ile karatasi aliyoiandika mwenyewe na kuijua kwa moyo, anaisoma tu, kichwa chini. Moyoni nikawa nasema: sema, mwanamke, sema kitu. Lakini nilinyamaza, na hilo najilaumu.

Akatazama saa yake. Akakunja karatasi.

"Haya," akasema kwa sauti kubwa, ya kazini. "Tumemaliza mapema. Nendeni mkale keki."

Nynke alifungua mdomo. Kisha akaitwa ndani, akakusanya gauni lake, akaenda. Sjoukje alipiga picha ya ngazi zikiwa tupu. Baadaye tulikula viazi na samaki mezani pa korido, karibu na mlango wa jiko, na kila mhudumu alipopita ilibidi Sjoukje avute kiti chake. Saa kumi na mbili na nusu aliwapeleka maharusi mferejini kama ilivyoandikwa, na jua likaja kama lilivyoandikwa. Alifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nakata video. Wakati wa viapo humfunga bwana harusi kinasa sauti kidogo chini ya ukosi wa koti, na kwa kawaida nakitoa mara tu viapo vinapoisha. Siku ile nilisahau. Nilipofika kwenye ngazi, dakika ya ishirini na saba, nikasikia sauti masikioni mwangu, karibu kabisa.

"Nimwite?" Nynke huyo.

"Nani?"

"Mama mkubwa. Lile la kumi. Nililiacha kwa ajili yake."

"Si umwite, basi."

"Hakujiandika, Jorrit. Mara tatu nimemrudishia ule mstari ajiandike, hakujiandika. Unamjua alivyo na sheria zake. Labda hataki, akiwa kazini."

"Muulize tu."

"Subiri, anasoma karatasi. Akiinua uso namwita."

Halafu upepo. Halafu, kwa mbali, ile sauti ya kazini: "Haya. Tumemaliza mapema."

Niliwaza kuizima ile sauti. Ningeweza, ni kubonyeza mara moja tu. Lakini ilikuwa Jumapili, na nilijua ameketi wapi na anakula nini. Nikachukua kompyuta, nikaenda.

Alisikiliza amesimama, kijiko mkononi. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akakaa. "Rudisha." Mara ya tatu hakutazama tena kioo, alisikiliza tu, macho kwenye sahani.

"Mpigie simu," nikamwambia. "Avae gauni, twende zetu pale kwenye ngazi, nawapiga mimi. Nitakuachia uniamrishe."

"Picha ya harusi hupigwa siku ya harusi, Gosse."

"Hiyo sheria nani kaiweka?"

"Mimi." Akaweka kijiko chini. "Dakika tatu nzima. Nilizipanga mimi mwenyewe, nikamwekea, naye akaniwekea mimi. Na mimi nikawapeleka watu kwenye keki."

Ndipo akalia. Miaka kumi na mmoja sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye hotuba za mababa, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mimi si mtu wa kukumbatia. Nilichojua ni kile tunachokijua sote hapa tangu utotoni. Nikazunguka meza, nikainama, nikambusu shavu hili, na lile, na hili tena. Mashavu yalikuwa na chumvi.

"Hongera kwa mtoto wako, Sjoukje."

Alinishika ukosi wa shati, akaushikilia. Akanyoosha mgongo, kama walivyonyoosha wenzake wote katika ule mstari wa pongezi.

"Asante," akasema. "Umechelewa wiki mbili."

Kisha akavuta pua, akaniambia nirudishe tena, kuanzia pale Nynke anapouliza, "Nimwite?"