Nywele za Penisoni

Binamu yangu Penisoni Taukolo alijaliwa vitu viwili, shingo na nywele. Akili waligawiwa wengine siku hiyo.

Shingo ndiyo iliyomtoa Mangere, mtaa wetu sisi watu wa Tonga. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alikuwa na kilo mia na kumi, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa akiwaangusha watoto wa watu katika uwanja wa raga ulio nyuma ya kanisa letu, mama zao wakikimbia na vipande vya barafu. Baba yake, Mjomba Saimone, alikuwa akisimama kando ya mstari na kupiga kelele: "Kichwa, Peni! Ingiza kichwa!" Huo ulikuwa ushauri wa kitaalamu kutoka kwa mtu aliyepakia mizigo ya ndege kwa miaka thelathini. Mtoto alimsikiliza baba yake, akaingiza kichwa, na Waaustralia wakaja kumchukua.

Kazi ya mtu wa mbele katika raga ya ligi ni rahisi kueleza. Unapewa mpira, unakimbia moja kwa moja hadi kwa watu watatu wakubwa kama wewe, unaanguka, unainuka, unarudia. Kondoo dume hufanya hivyo bure. Peni aliifanya kwa misimu kumi na miwili, katika klabu nne, mechi mia moja themanini na kitu, na katika hizo zote alifunga mara tisa. Tisa! Bibi yetu angefunga zaidi akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Lakini ukoo mzima ulifunga bendera nyekundu kwenye magari siku aliyoitwa kuichezea Tonga, na mimi pia nilifunga yangu, sitakataa.

Nywele zilikuja baadaye. Alizifuga mpaka kiunoni, akazisuka msuko mmoja mnene, na kampuni moja ya shampuu ikambandika kwenye vituo vya basi akiwa amefumba macho, maji yakimtiririka kama anabatizwa upya. Mchungaji wetu alibadilisha njia ya kwenda dukani.

Mimi ni Lesieli. Mama yangu ni dada mkubwa wa Mjomba Saimone, na kwetu hilo linatosha. Mtoto wa dada yuko juu ya mtoto wa kaka. Kwenye sherehe au msiba wa nyumba ya mjomba wake yeye ndiye fahu: anakaa mbele ya wote, na akitamani kitu anakitaja tu, hakuna anayemwambia hapana. Peni alipotimiza miaka ishirini na moja nilichukua keki ya juu, na ya kati pia. Alipojenga nyumba nilichukua televisheni ikiwa bado kwenye boksi. Sikuwa na shida nayo. Nilitaka tu akumbuke nani ni nani.

Alipohamia klabu ya kaskazini mwa Uingereza, majivuno yakampanda kabisa. Alikuwa akinipigia simu kunisimulia nyumba mpya aliyopanga, kisha baada ya nusu saa anapiga tena na kunisimulia nyumba ileile, chumba kwa chumba. "Anadhani habari zake hazimchoshi mtu," nilimwambia mama. Harusi ya dada yake Fusi hakuja, na miezi mitatu baadaye akamuuliza yule mchumba wake anaendeleaje. Mimi mwenyewe alianza kuniita shangazi. Nikasema mtu akishakaa kwenye mabango, walio chini wote wanafanana machoni pake. Nililisema hilo kanisani, jikoni, na kwenye simu kwa jamaa wa Sidni.

Mjomba Saimone akafariki mwezi wa Julai. Peni alifika Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba kama mwizi. Nyuma yake alikuja wakala wake, Brett Hollis, mzungu mwembamba aliyekumbatia faili.

Watoto wa marehemu nafasi yao inajulikana. Ni jikoni, wamejifunga mikeka iliyochakaa, wanapika, hawasogelei jeneza. Fusi alikuwa huko tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi wa tanuri la shimoni. Kaka yake alipita sebuleni na viatu vyake, akawaruka waimbaji, akaketi kichwani mwa jeneza, kwenye mkeka wangu. Wimbo ulikatika.

"We Peni," nikamwambia, "hapo umekaa kwa nani?"

"Nimechoka, shangazi. Acha nipumzike kidogo."

"Shangazi yako ni mama yangu. Mimi Lesieli. Inuka, nguruwe hajigeuzi mwenyewe huko nyuma."

Wanawake wakacheka chini chini. Peni akainuka. Hollis akanisogelea.

"Samahani, mama. Nimesikia kuna desturi ya kuwakata wafiwa nywele. Za Peni zina mkataba mpaka Desemba. Na wiki ijayo anapimwa na daktari, halafu anasaini na klabu miaka mingine miwili. Tunaomba zisiguswe."

"Zina mkataba?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwambie huyo mwenye shampuu aje alie yeye."

Nikamkalisha Peni kwenye kiti uani, mbele ya watu wote, nikaomba mkasi. Nakiri nilikuwa na furaha. Niliukata msuko kwenye kisogo, nikauinua juu, akina mama wakapiga vigelegele na simu zikatoka mifukoni. Kisha nikaanza kupunguza zilizobaki, karibu na ngozi.

Nyuma ya sikio kulikuwa na kovu. Juu yake lingine. Nikahesabu saba, nikaacha kuhesabu, kwa sababu la nane ngozi yake ilikuwa bado nyekundu na nyuzi zilikuwa hazijatolewa. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya goti, na wa kushoto alikuwa ameuweka juu yake kuuficha. Nikamvua miwani. Jua hafifu la Julai, mwezi wa baridi kwetu, ambalo halimsumbui hata mtoto mchanga, lilimtoa machozi.

"Dada," akaninong'oneza, "mzee akikuta umeninyoa hivi atakuua."

"Peni, acha mzaha."

"Mzaha gani? Anatoka kazini saa ngapi?"

Fusi alikuwa amesimama karibu na mwiko mkononi. "Ameniuliza hivyohivyo tangu asubuhi," akasema. "Mara tatu. Nikadhani ni uchungu."

Nikamgeukia Hollis. Alikuwa anaangalia simu yake, anaiangalia sana.

"Unajua," nikamwambia.

"Daktari wa klabu amempitisha, mama."

"Sikukuuliza daktari. Wewe unajua."

Akarudisha macho kwenye simu. Na mimi nitamtukana huyo mpaka naingia kaburini, lakini yeye hakukua naye. Simu zile hakupigiwa yeye. Kwa miaka miwili mtu mgonjwa alinipigia, nikamwita mwenye majivuno, tena nikatangaza. Mjinga wa ukoo huu nilikuwa mimi, na nilikuwa mjinga kwa sauti kubwa.

Nikasimama katikati ya ua, mkasi bado mkononi.

"Mimi ndiye fahu wa msiba huu," nikasema. "Mikeka siitaki. Vitambaa vya magome sivitaki. Nguruwe gawaneni. Nataka viatu vya Peni vya kuchezea. Vilivyoko hapa, vilivyoko Uingereza, na vyovyote atakavyopewa na mtu yeyote. Vyote ni vyangu."

Hollis akacheka. "Viatu? Viatu vimejaa madukani, mama." Akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Wajomba zangu wote walikuwa wanamtazama, wazee wakubwa wenye shingo kama ya Peni, na cheko likamwishia mdomoni.

Peni aliinuka, akaenda kwenye gari, akarudi na lile begi la mazoezi ambalo haachani nalo hata msibani. Akapiga magoti mbele yangu inavyostahili, akavitoa viatu, vina udongo wa Uingereza bado, akaviweka miguuni pangu. Hakuuliza kwa nini. Nilichukua keki yake na televisheni yake bila haya, lakini siku hiyo nilitamani, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba angenikatalia.

Akajipapasa kichwa, akashangaa kukikuta kitupu.

"Sawa, dada," akasema. "Ila kesho Jumamosi. Nitavaa nini?"

"Kesho huchezi, Peni. Kesho tunamzika baba yako."

Akanitazama, na uso wake ukabadilika, na nikaona kwamba ndiyo kwanza anasikia.