Mtama wa Mama Riziki

Asubuhi niliyoondoka nyumbani sikuwa na mpango wowote. Bibi yangu alikuwa uani akikamua miwa ya boha, pombe yetu ya miwa, na ukungu ulikuwa umeukalia mteremko wetu hata kengele ya misheni ya Kifungilo ikasikika kama inapigwa chini ya blanketi. Shule nilikwisha kuiacha nikiwa darasa la sita. Sikufukuzwa. Nilitaka tu kujua barabara ya Lushoto ikishafika Mombo inaendelea kwenda wapi, na mwalimu hakuwa na jibu zaidi ya "mbali".

Bibi aliuona mfuko begani kwangu.

"Unaenda wapi?"

"Sijui, bibi."

"Huko Sijui kuna miwa?"

"Sijui."

Alicheka, akaingia jikoni, akarudi na kipande cha mvungunya kilichokuwa kikining'inia juu ya moto. Mvungunya ni mti wa tambarare, haupendi baridi yetu. Tunda lake ni refu na nene kama mkono wa mtu mzima. Kwetu tunalipasua na kulikausha, na ndilo linaloichachusha boha. Likimaliza kazi linaoshwa, linarudishwa moshini kungoja miwa mingine. Kipande kile kilikuwa cheusi tii na kilinizidi umri. Bibi alikivunja, akanipa nusu.

Mwaka nguruwe walipoimaliza miwa, alipika kwa ndizi mbivu. Mvungunya ulipokosekana, aliomba mashapo ya pombe ya jirani. Alikuwa akisema kila kinachokosekana kina ndugu yake. Kazi yako ni kujua huyo ndugu anakaa nyumba ipi.

Nilishuka na lori la kabichi. Kutoka Mombo nilifuata kazi: kupakia, kuchimba, kulinda, kupika makambini. Sikuwa nakimbia kitu. Nilikuwa nauliza, na jibu lilikuwa mbele kidogo kila mara. Hivyo ndivyo nilivyofika Kigoma, na hivyo ndivyo nilivyovuka Ziwa Tanganyika na boti ya chumvi, nikaingia Kongo, katika mji mdogo uliobanwa kati ya maji na milima.

Huko nilipangishwa na Mama Riziki. Alikuwa mjane, mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka, na alipika kasiksi, pombe ya ndizi. Binti yake Riziki alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo chumba kilikuwa wazi. Nilikilipia kwa mikono yangu: nilikata migomba, nikafukia ndizi ziive, nikazikamua kwa majani makavu mpaka viganja vikachubuka. Yeye alikaanga mtama, akausaga, akautia kwenye maji ya ndizi. Mtama ndio ulioifanya ichachuke na ndio ulioipa ladha.

Siku nilipomwonyesha kipande changu alikishika kwa vidole viwili.

"Hii ni nini? Kiatu ya babu yako?"

"Ni dawa ya kuchachusha, mama. Kwetu tunatia kwenye boha."

"Weye Mutanzania unataka kuweka kiatu ndani ya pombe yangu!"

Alijaribu kwenye chungu kidogo, akanywa, akalamba midomo, akanywa tena. Tangu siku hiyo kipande kile kiliitwa kiatu.

Alikuwa na desturi moja ambayo bibi yangu pia anayo. Pombe ikiiva, kikombe cha kwanza anakinywa aliyepika, mbele ya macho ya wanywaji. Ni kuonyesha kwamba hakuna kitu kibaya ndani. Mama Riziki alikunywa huku akipiga soga, na wateja hawakumwangalia hata. Ilikuwa adabu tu, kama kubisha hodi.

Vita havikuja kwanza kwa mlio. Vilikuja kwa kukosekana kwa vitu. Chumvi ilikwisha, kisha sabuni. Halafu barabara ya milimani ikafungwa, na mtama ulikuwa ukitoka huko. Baadaye ndipo tukaanza kuisikia milio upande wa juu, kavu, kama mtu anapasua kuni, na watu wakaanza kushuka na magodoro kichwani.

Sisi tuliendelea kupika, kwa sababu pombe ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mtama ulipokwisha tulitumia ulezi. Ulezi ukaisha, tukaotesha mahindi, tukayakausha na kuyasaga. Mahindi yakawa ya kula tu, tukachukua mihogo mikavu. Mwishowe tulibaki na ndizi na kiatu. Wateja walilalamika kwamba pombe imekuwa nyepesi kama machozi, kisha wakainywa. Mama Riziki aliniita fundi. Nilijivuna.

Lakini kulikuwa na pombe moja ambayo hakukubali niiguse. Mumewe alikuwa amekufa kabla sijafika, na kilio chake kilikuwa hakijamalizwa. Kwa ukoo wao, ndugu wa marehemu huja, hunywa pombe iliyopikwa na mjane, ndipo jina la marehemu linapokuwa huru kupewa mtoto. Riziki alikuwa na mimba. Mama yake alitaka mjukuu alikute jina la babu yake likimngoja, na ndugu walikuwa wametuma habari kwamba watashuka wakipata njia.

"Mihogo itatosha, mama," nilimwambia.

"Kwa walevi, ndiyo. Kwa bwana yangu, hapana. Pombe ya kilio bila mtama ni maji ya kuoshea sahani."

Nilikwenda vijiji vya kusini kutafuta ndizi, kwa kuwa za karibu zilikuwa zimekatwa na watu wenye bunduki. Nilipokuwa huko, jirani alimletea Mama Riziki bakuli la mtama. Ulikuwa mtama wa mbegu, uliogawiwa wakulima wa mahali pengine ili wapande. Gunia na maandishi yake vilibaki huko huko. Kwetu ulifika kwa bakuli. Ulikuwa na rangi ya waridi. Mama Riziki aliuosha mpaka maji yakatoka meupe, akauanika, akaukaanga, akausaga. Alikuwa ameupata. Aliupika na kiatu changu ndani, ili asikosee.

Niliporudi na mzigo wa ndizi, niliona mfereji wa uani una doa la waridi. Kando ya mfereji kulikuwa na kuku wake wawili, wamelala upande, shingo zimenyooka.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nimekulia kwenye kabichi na karoti, na hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kwamba mbegu yenye rangi imepakwa dawa ya wadudu, haionjwi, na mikono huoshwa baada ya kupanda. Huko hawakuwa na maduka ya mbegu. Walipanda walichovuna.

"Mama, ule mtama ulikuwa na rangi?"

Aliniangalia, akaangalia kuku, akaketi kwenye kinu.

"Niliosha," alisema. "Niliosha sana."

Chungu kilikuwa kinatoa povu zuri. Pombe haikuwahi kutoka vizuri hivyo tangu barabara ifungwe. Tulikubaliana tuifukie, asije akainywa mtu au mbuzi. Nilichukua jembe nikaanza kuchimba nyuma ya nyumba, na yeye alisimama karibu yangu, mikono imefumbatwa, akiuliza mara kwa mara kama shimo halijatosha.

Walitokea migombani, mchana.

Walikuwa wachache, vijana wenye bunduki, wamelowa. Aliyewaongoza alivaa koti la mvua la manjano, na wenzake walimwita Komanda.

"Mama, tumefuata harufu."

"Imeharibika, mwanangu."

"Pombe inaharibika namna gani na iko na povu?"

"Mtama ulikuwa na dawa. Kuku wamekufa. Angalia."

Aliangalia kuku. Kisha akaliangalia shimo.

"Na hii shimo ni ya nani?"

"Ya pombe."

Mmoja wao alicheka. "Anaficha ya wakubwa. Mama, na siye hatuna koo?"

Komanda hakucheka. "Kama iko na dawa, ulimuwekea nani?"

Hapo nilielewa tulipofika. Machoni pao, kama alikuwa anadanganya, aliwanyima. Kama alikuwa anasema kweli, aliwategea. Na kama wangeinywa bila kuuliza wakaanza kuanguka, mtaa mzima ungechomwa.

"Ni kweli," nilisema. "Mbegu ya rangi ina sumu. Mimi ndiye niliyemwambia."

Kitako cha bunduki kilinikuta kifuani. Nikakaa chini.

"Mwenye kupika anaonja," Komanda alisema. "Hiyo njo desturi. Onja, mama."

"Nitakunywa mimi," nilisema.

Mama Riziki aligeuka. Alinisemesha kama siku zote, kwa ukali wa mzaha.

"Weye ulipika? Kaa na kiatu yako."

Alichota. Alikunywa kidogo.

"Maliza."

Akamaliza.

Wakakaa. Walikuwa na kiu, walitaka awe mzima ili nao wanywe. Walimtazama jinsi watu wanavyotazama chungu kisichochemka. Yeye aliketi juu ya kinu na kutazama ziwa.

Mate yalianza kumtoka. Akajifuta na kanga. Yakatoka tena. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, akaikalia.

Komanda alisimama. Alikisukuma chungu kwa mguu mpaka kikapinduka, pombe ikakimbilia shimoni. Walichukua ndizi nilizoleta, wakarudi migombani.

Mtaa ule haukuchomwa siku ile.

Mimi na majirani tulimbeba kwa kitanda hadi zahanati. Mlango ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu wala dawa. Akiwa bado anaweza kusema alinishika mkono.

"Kiatu yako imeingia shimoni."

"Iache huko, mama."

"Bibi yako atasema nini?"

Alikufa kabla ndugu wa mumewe hawajafika. Sijui kama walifika. Tulimzika kwa haraka, na hapakuwa na pombe ya kumlilia. Hakukuwa na mtama.

Niliondoka na watu walioondoka. Sitaeleza njia, wengi wameipita na wengine wangali njiani. Ninachofikiria mara nyingi ni Riziki. Lazima alijifungua. Mimi ambaye nimetembea nchi nzima kwa kutaka kujua tu, hilo moja sikuwahi kulitafuta: mtoto aliitwa nani. Kuna walioniambia mama yule aliokoa mtaa. Labda. Mimi nilimwona mwanamke aliyesema kweli, na mdomo wake haukutosha kuwa shahidi, ukatakiwa mwili.

Niliporudi Lushoto, bibi nilimkuta hai, amepungua. Alipika boha kunikaribisha, akachukua kikombe cha kwanza kama kawaida, nami nikatoka uani nikaenda kusimama kwenye kabichi. Baadaye nilimweleza yote. Nilitarajia aniambie kuhusu ndugu wa kila kinachokosekana. Badala yake alipanda kwenye kigoda, akaigusa ile nusu yake ya mvungunya juu ya moto, akashuka.

Nilikaa miaka kadhaa. Kisha asubuhi moja nikachukua mfuko. Bibi hakuuliza. Nilishuka hadi Muheza, na sokoni, kando ya machungwa na karafuu, nikaona magunia ya mtama, mweupe na mwekundu, wa rangi yake ya kuzaliwa. Nilitia mkono ndani nikaunusa mpaka mwenye gunia akaniuliza kama ni mgonjwa. Sikununua. Nilipanda milima ya upande ule ambako sikuwahi kufika, na mvua ikanikuta Zirai.

Mama mmoja alikuwa amekaa barazani akimenya viazi.

"Onga mshi," nilimsalimia kwa Kisambaa, kisha nikaona mvi zake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi weye, unatembea na mvua kama bata?"

"Lushoto."

"Hee! Mmeishiwa barabara huko?"

Alikuwa na chumba cha nyuma, kitanda na mlango unaofungika. Alisema nikae nipate joto kwanza, akaleta boha. Akakiinua kikombe aonje.

"Umetia nini?" nilisema.

Alikishusha. Kumuuliza mwenyeji hivyo ni tusi, na wote wawili tulijua.

"Kwenu wageni huuliza?"

"Samahani, mama. Nimeuliza tu."

Nadhani aliona kwamba sikuwa namtukana.

"Miwa, na maji ya kijito. Mvungunya nimekosa, nimetia mashapo ya juzi. Umeridhika, bwana afya?"

Akanywa, akakimaliza. Nilimtazama. Alivuta pumzi, akarudi kwenye viazi vyake, akaimba kidogo wimbo wa kanisani, akainuka kumhamisha mbuzi kwenye mvua. Kuku wake walikuwa chini ya kinu wakidonoa makapi ya miwa, wanagombana.

"Unakaa siku ngapi?" aliuliza kutoka uani.

"Sijui."

"Basi kunywa. Kitakuchachia mkononi."

Nilichota. Nilimwaga kidogo chini, kwenye udongo wake mwekundu, kwa ajili ya Mama Riziki. Haikuwa na mtama. Nilimwambia marehemu hivyo, polepole, kisha nikanywa.