Mkono Nilioukataa Siku ya Salongo

Jumamosi iliyopita, hapa Butembo ninakoishi sasa, wanafunzi walipita mbele ya mlango wangu na majembe na mafagio, wakienda salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mtaa. Nilisimama na kikombe cha chai hadi kikapoa. Rafiki yangu, kama ulisoma Mangina kama mimi, unajua nilikumbuka nini.

Shuleni kwetu salongo ilikuwa somo kamili, lenye alama. "Masomo yenye inabakia mu kayee inaoza," mwalimu alizoea kutuambia, akipunga daftari hewani. Asubuhi tulifyeka majani kwenye chemchemi, kisha kila mtoto alikwenda kumsaidia mzee aliyepangiwa. Mimi nilipewa jirani yetu, bibi kizee aliyebaki peke yake. Nilimtekea bidoni mbili za maji, nikamfagilia uwanja ulionuka kakao iliyoanikwa. Nikimaliza, aliukamata mkono wangu kwa mikono yake miwili, mikavu kama maganda ya muhogo, akautikisa weee, ndipo akanipa kiazi kitamu cha moto. Nilimpenda sana yule bibi.

Kisha Ebola ikaingia Mangina. Mwalimu akatutuma kwa wazee wetu walewale tukawafundishe kunawa kwa maji ya klori na kuacha kusalimiana kwa mkono. Nilifurahi mno! Mtoto wa darasa la sita kumfundisha mkubwa, si jambo dogo. Nikasimama katikati ya uwanja, nikahubiri kama katekista.

"Koko," nikamwambia bibi, "hapana tena kupeana mikono."

"Weye mutoto, nani alikufundisha kukatala mukono ya mukubwa?"

"Ni mwalimu. Lakini ni juu yako, koko, usigonjwe."

Aliunyoosha mkono wake hata hivyo. Mimi nikauficha wangu mgongoni. Wake ukabaki hewani kidogo, kisha ukashuka. "Bon, sawa," akasema. Akaweka kiazi juu ya jiwe, akarudi nyuma ili nikichukue. Nyumbani nilikiosha kwa maji ya klori, maana nilikuwa mwanafunzi mwema. Kilikuwa kichungu, nikakila chote. Jumatatu mwalimu alinipa kumi juu ya kumi, na darasa likapiga makofi.

Kabla ya juma kwisha, bibi alishikwa na homa. Watu waliovaa nguo za plastiki walikuja wakampeleka. Baadaye tuliambiwa haikuwa Ebola, ilikuwa malaria na uzee. Lakini alikuwa amekwisha kufa, na hakuna mtu wa kwao aliyemshika mkono.  Mwalimu alichukua fagio, akaufagia yeye mwenyewe uwanja wa marehemu.

Usidhani namlaumu. Alitufundisha kweli, na ugonjwa ukirudi kesho nitauficha mkono tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa kule hakuna wa kutekewa maji. Watu wa mapanga walipita wakiua, mwalimu alikimbia sijui wapi, shule ina kufuli, na chemchemi imemezwa na majani.

Wale watoto wa Jumamosi walinisalimu walipokuwa wakirudi. Nikaweka kikombe chini, nikawapa mkono mmoja mmoja, kwa mikono yangu miwili. Wakachekana. Wa mwisho, msichana mdogo mwenye udongo vidoleni, alingoja kwa adabu, mkono wake bado mikononi mwangu, kisha akauliza:

"Mukubwa, utaniachilia saa ngapi?"